Ngapi? Swali Ambalo Buluu ya Mrututu Haijibu Peke Yake

Mrututu ni chumvi ya shaba. Mkulima wa nyanya anaufahamu, kwa kuwa ukichanganywa na chokaa hunyunyiziwa majani yaliyoshikwa na ukungu. Mfugaji anaufahamu pia, kwa kuwa maji yake huogeshewa kwato zilizooza. Katika shule ya sekondari ya kaunti ya Turkana, Kenya, iwe Katilu, Lodwar au ndani ya kambi ya Kakuma, mrututu huohuo huingia maabara kwa jina jingine, salfeti ya shaba, na kwa kazi nyingine: kumfundisha mwanafunzi kutambua ioni. Mwanafunzi anadondosha amonia. Mashapo ya buluu hafifu yanatokea. Anaendelea kudondosha, mashapo yanayeyuka, na mrija mzima unageuka buluu iliyokoza kama wino. Anaandika alichokiona, anapata alama zake, anaosha mrija.

Swali ambalo halikuulizwa ndilo lenye uzito: kila shaba moja imeshikwa na amonia ngapi? Kitabu kinajibu nne. Mwanafunzi anaikariri nne hiyo jinsi anavyokariri mji mkuu wa nchi asiyoijua, bila kuwahi kuiona ikitokea mbele ya macho yake. Nami nasema inaweza kuonekana, hata Katilu, hata katika maabara isiyo na chombo cha kupimia mwanga, ila si kwa njia tuliyoizoea na wala si kwa kuanza na amonia. Rangi peke yake inatuambia kwamba kitu kimebadilika. Idadi hupatikana pale rangi inapofungwa pamoja na ujazo uliopimwa, na mitihani yetu imezoea kuichukua rangi na kuuacha ujazo.

Tukubaliane maneno kwanza. Ioni ya shaba, nikeli, kobalti au chuma haikai upweke ndani ya maji. Huzungukwa na molekuli zenye jozi za elektroni za kutoa, na molekuli hizo ndizo ligandi. Ligandi zikiishika metali, kitu kizima huitwa kampaundi changamano. Maji yenyewe ni ligandi. Amonia ni ligandi. Ligandi moja inapomwondoa mwenzake, elektroni za metali husukumwa kwa nguvu tofauti, na mwanga unaomezwa hubadilika. Mrututu ndani ya maji humeza mwanga mwekundu kidogo tu, ndiyo maana buluu yake ni hafifu. Amonia ikichukua nafasi ya maji, shaba humeza zaidi, tena humeza hadi kwenye mwanga wa rangi ya machungwa, na buluu inayobaki inakoza.

Wazo la kwamba vitu huungana kwa uwiano usiobadilika limefungamana na shaba tangu mwanzo. Mfaransa Joseph Proust, akifanya kazi Hispania, alionyesha mwaka 1799 kwamba kaboneti ya shaba ina vipimo vilevile, iwe imechimbwa ardhini au imetengenezwa maabara. Karibu karne nzima baadaye, kampaundi za kobalti zilikuja kuwatoa wataalamu jasho. Kila kobalti ilikuwa na klorini tatu. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini juu yake ziliweza kupandikizwa amonia sita, tano au nne, na kila idadi ilikuja na rangi yake. Yenye sita ilikuwa ya manjano, yenye tano ya zambarau, yenye nne ya kijani. Kwa nini amonia, ambayo yenyewe ni kampaundi iliyokwisha kutosheka, iendelee kuungana? Na kwa nini ikome kwenye sita?

Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen alizitengeneza kampaundi hizi kwa uangalifu uliowashinda wote wa zama zake, akashikilia kwamba amonia zimejipanga mnyororo. Alfred Werner wa Zürich, kijana wa miaka 26, aliandika mwaka 1893 kwamba hakuna mnyororo wowote: kobalti ina nafasi sita zinazoizunguka, na kila nafasi hukaliwa na amonia au klorini. Ushahidi mmoja ulikuwa wa kuhesabu. Nitrati ya fedha hunasa klorini iliyo huru na kuiangusha kama mashapo meupe. Kampaundi yenye amonia sita ilitoa klorini zote tatu, yenye tano ikatoa mbili, yenye nne ikatoa moja. Jumla ya walioishika kobalti kwa karibu ilikuwa sita kila mara. Mwaka 1913 Werner alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ndani ya hadithi hiyo kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita mbio, nami naliona ndilo funzo lenyewe. Kampaundi yenye amonia nne haikuwa na rangi moja. Ipo ya kijani na ipo ya urujuani, uwiano uleule kabisa. Klorini mbili zikikaa pande zinazotazamana, rangi ni kijani. Zikikaa jirani, ni urujuani. Nadharia ya Werner ilidai kwamba ya urujuani lazima iwepo kabla yeyote hajaishika mkononi, na ilipopatikana mwaka 1907, Jørgensen alikubali. Kwa hiyo rangi mbili si lazima ziwe uwiano mbili, na mtu anayesoma idadi kwa macho matupu anaweza kupotea huku akiwa na uhakika wote.

Lipo onyesho moja ambalo kwalo rangi na idadi hutembea pamoja bila kugombana, na kama ningepewa siku moja darasani ningelichagua hilo. Unachukua salfeti ya nikeli ndani ya maji, kijani safi kama jani changa la mahindi. Ligandi yake ni ethilinidiamini, molekuli yenye naitrojeni mbili, kwa hiyo kila moja hushika nafasi mbili kwa mpigo. Unapanga mirija minne yenye nikeli sawasawa. Wa kwanza hauguswi. Wa pili unautia ligandi moja kwa kila nikeli, nao unakuwa buluu nyepesi inayokumbuka kijani. Wa tatu unautia mbili kwa moja, unakuwa buluu. Wa nne unautia tatu kwa moja, unageuka zambarau. Nafasi sita zimejaa, mbili mara tatu. Sasa fanya mrija wa tano, utie ligandi nne kwa nikeli moja. Rangi haisogei. Zambarau inabaki zambarau.

Mrija huo wa tano ndio onyesho. Mingine minne inaonyesha kwamba rangi hubadilika. Huu unaonyesha kwamba hubadilika mpaka kikomo, na kikomo kina namba. Mwalimu akiuacha kwa kuwa hauna rangi mpya ya kuvutia, ameonyesha mapambo akaacha kemia. Onyesho linakubali kwa sababu nikeli huishika ethilinidiamini kwa nguvu sana: ligandi ikitiwa, yote inashikwa, haizururi. Ubaya wake ni kwamba ethilinidiamini ni kimiminika kinachounguza ngozi na kutoa mvuke mkali, na nikeli huwawasha baadhi ya watu ngozi na imo katika orodha ya visababishi vya saratani. Si vitu vya kumwachia mwanafunzi peke yake, na shule nyingi hazinavyo.

Zinacho nini, basi? Zina mrututu na amonia, na hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua wamekwama wapi. Amonia haijiungi na shaba nne kwa mpigo. Huingia moja moja. Mdenmaki mwingine wa Copenhagen, Jannik Bjerrum, alilipima hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1941: kila amonia inayofuata hushikwa kwa nguvu pungufu kuliko iliyotangulia, takriban mara nne hadi sita pungufu. Ya tano hushikwa kwa shida. Hivyo ukitia amonia nne hasa kwa kila shaba, ndani ya mrija hamtakuwa na shaba zilizoshikwa nne nne. Mtakuwa na mchanganyiko: nyingine zina mbili, nyingine tatu, nyingine nne, na amonia kadhaa hazijashikwa kabisa. Buluu hukoza polepole bila kuweka alama mahali popote na kusema hapa ndipo nne ilipotimia. Tena kabla ya kufika huko kuna mashapo yanayoziba njia, kwa kuwa amonia hufanya maji kuwa ya alkali na shaba huanguka kabla ya kushikwa.

Mashapo yana dawa. Bjerrum alitumia chumvi ya amonia kwa wingi ili kuuzuia ualkali usipande, na mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Kikwazo kingine ni joto, na dawa yake ni ngumu zaidi. Lodwar mchana wa kawaida hugonga nyuzi 35, na Katilu haiachwi mbali. Amonia kali ya maabara, ile ya chupa ya kahawia, karibu ifike kwenye kuchemka katika joto hilo. Ukifungua kifuniko gesi inakurukia usoni. Chupa iliyokwisha kufunguliwa mara kumi haina tena nguvu iliyoandikwa kwenye lebo yake. Mwanafunzi anadondosha matone yaleyale aliyoambiwa, mashapo yanakataa kuyeyuka, naye anaandika kwamba hayayeyuki. Amesema kweli aliyoiona na amekosa alama. Anayetaka kutumia amonia kwa hesabu sharti aipime upya kwa asidi asubuhi ya siku hiyo, chupa ikiwa imelala kivulini ndani ya karai la maji. Bila hivyo hapimi shaba, anapima joto la Turkana.

Nne ya kitabuni ni ya kweli, lakini ina maelezo yake. Shaba ina nafasi sita kama nikeli, ila mbili kati yake, ya juu na ya chini, ziko mbali zaidi na hushika kwa ulegevu. Ndiyo maana amonia nne hukaa karibu na maji hubaki kwenye ncha hizo mbili. Kumwambia mtoto kwamba shaba hushika nne, basi, bila kumwambia kwamba ni suala la nguvu na umbali, ni kumpa sheria mahali palipohitaji maelezo.

Njia iliyo bora kwa shule isiyo na kitu hubeba jina la Mfaransa Paul Job, aliyeichapisha mwaka 1928. Nitaieleza kwa punda. Tuseme umeruhusiwa kuwa na vitu kumi na viwili tu, punda na mitungi ya maji pamoja, na safari moja ni punda mmoja aliyebeba mitungi miwili. Ukichagua punda sita na mitungi sita, unapata safari tatu, na punda watatu wanasimama bure. Ukichagua punda watatu na mitungi tisa, unapata safari tatu tena, na mitungi mitatu inabaki chini. Ukichagua punda wanne na mitungi minane, unapata safari nne, hapabaki kitu. Asiyejua kwamba punda hubeba mitungi miwili anaweza kuigundua siri hiyo kwa kuhesabu safari tu: penye safari nyingi zaidi, hapo ndipo uwiano ulipo.

Weka metali mahali pa punda, ligandi mahali pa mitungi, na ukali wa rangi mahali pa safari. Jumla ya ujazo haibadiliki, mchanganyiko ndio unaobadilika, na mrija wenye rangi kali kuliko yote hutaja uwiano. Masharti ni mawili: myeyusho wa metali na wa ligandi viwe na nguvu sawa, na ligandi ishike kwa nguvu. Sharti la pili ndilo linaloiangusha amonia na kuinua kitu kingine ambacho maabara nyingi zinacho au zinaweza kukiagiza, EDTA. Hii ni molekuli yenye mikono sita, na moja tu hutosha kuikumbatia ioni nzima ya shaba.

Fanya hivi. Pima gramu 1.25 za mrututu safi, uyeyushe hadi mililita 100. Pima gramu 1.86 za chumvi ya EDTA yenye sodiamu mbili, uyeyushe hadi mililita 100. Sasa nguvu zake ni sawa, moja ya ishirini ya moli kwa lita. Andaa pia siki iliyotulizwa kwa soda ya kupikia, ukiacha siki izidi kidogo, kwa kuwa EDTA hutoa tindikali inaposhika, na tindikali ikizidi EDTA yenyewe itaanguka chini kama unga mweupe. Chukua sirinji mbili za mililita 10 zile za kuchanjia mifugo, mpya, moja kwa kila myeyusho. Mrija wa kwanza mililita 10 za shaba bila EDTA, wa pili 9 na 1, wa tatu 8 na 2, hivyo hivyo hadi wa kumi na moja. Kila mrija upate mililita moja ya siki ile. Simamisha yote kumi na moja mbele ya karatasi nyeupe, kivulini.

Kinachoonekana ni mlima. Buluu inapanda kutoka kushoto, inafika kilele kwenye mrija wa 5 na 5, inateremka hadi maji meupe upande wa kulia. Upande wa kushoto hauanzi na utupu, maana shaba tupu ina buluu yake hafifu, na mwanafunzi mwangalifu ataiondoa kwenye hesabu. Anayetaka namba badala ya macho aweke kipande cha nailoni nyekundu mbele ya mwanga, atazame mrija kupitia kamera ya simu, asome jinsi wekundu unavyofifia. Kitu cha buluu hupimwa kwa mwanga mwekundu, kwa kuwa huo ndio kinaoumeza. Ukikipima kwa mwanga wa buluu unapita wote na hujui lolote. Hili la kupima kwa rangi kinyume huwashangaza wanafunzi kuliko mlima wenyewe, na linastahili nusu saa yake.

Njia ya Job ina mpaka wake, na ni haki kuutaja. Uwiano wa moja kwa moja unaweka kilele katikati. Moja kwa mbili unakiweka kwenye theluthi mbili za ligandi, moja kwa tatu kwenye robo tatu. Kuanzia hapo vilele vinabanana: moja kwa nne ni asilimia 80, moja kwa tano ni asilimia 83. Kwa mililita kumi na sirinji, hakuna jicho litakalotofautisha 8.0 na 8.3. Wanakemia Yoe na Jones walipendekeza mwaka 1944 njia ya pili, ya kuishikilia metali ilivyo na kuongeza ligandi tu, ukitafuta pale mstari unapojikunja. Ndiyo kwa kweli njia ya mirija mitano ya nikeli, iliyoandikwa kwa grafu.

Kuna jaribio jingine ambalo malighafi yake iko kila duka la dawa. Vidonge vya aspirini vikichemshwa na hidroksaidi ya sodiamu kidogo, kisha vikarudishwa kwenye tindikali, hutoa asidi ya salisiliki. Itie kwenye myeyusho wa kloraidi ya chuma ulio na tindikali: urujuani mzito, salisileti moja kwa chuma kimoja. Punguza tindikali polepole, salisileti ikiwepo ya kutosha, urujuani unageuka wekundu, mbili kwa moja. Endelea hadi kwenye ualkali, manjano, tatu kwa moja. Metali ileile, ligandi ileile, uwiano tatu, rangi tatu, na kinachoziamua ni tindikali ya maji. Mwanafunzi aliyeliona hili hawezi tena kuuliza uwiano wa chuma na salisileti bila kuuliza pia kwenye maji ya namna gani. Uwiano haubadiliki ndani ya kampaundi moja. Kinachobadilika ni kampaundi ipi imekubali kuumbika.

Haya yote yangeweza kubaki michezo ya maabara kama si maji. Turkana ni nchi ya kuuliza maji yana nini. Katilu imebahatika kulala kando ya mto Turkwel, na mashamba yake ya umwagiliaji yanategemea mto ambao tangu mwaka 1991 umezuiwa juu huko kwenye korongo kwa bwawa lenye ukuta wa mita 153. Mbali na mto watu wanakunywa kisima, na kisima huja na madini ya ardhi kilipochimbwa. Sufuria inaota ukoko mweupe, sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya chumvi.

Ugumu huo wa maji hupimwa duniani kote kwa uwiano wa moja kwa moja tuliouona hivi punde. Unachukua mililita 50 za maji ya kisima, unayafanya ya alkali, unatia rangi iitwayo eriokromu nyeusi. Magnesiamu inaishika rangi hiyo na maji yanakuwa mekundu, rangi ya damu ya mzee. Kisha unadondosha EDTA kutoka kwenye bureti. Kwanza inakumbatia kalsiamu yote, halafu inainyang'anya rangi ile magnesiamu yake. Magnesiamu ya mwisho ikinyang'anywa, wekundu unatoweka na maji yanakuwa buluu, kwa tone moja. EDTA ikiwa na nguvu ya moja ya mia ya moli kwa lita, kila mililita iliyotumika ni sawa na miligramu 20 za ugumu katika kila lita, ukihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu. Mililita 12.5 ni miligramu 250. Hesabu hiyo inasimama juu ya guzo moja tu: EDTA moja kwa ioni moja, siku zote. Uwiano huo ukitikisika, namba yote inaanguka, na mhandisi aliyeitegemea amepotoshwa.

Floraidi ni kisa kizito zaidi, kwa kuwa haionekani kwenye sufuria wala kuonjwa kwenye chai. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi, meno ya watoto hupata madoa ya hudhurungi na mifupa ya wazee hukakamaa. Ziwa Turkana limeupita mpaka huo mara kadhaa, na Bonde la Ufa lina visima vingi vyenye shida hiyo. Njia mojawapo ya kuipima hutumia rangi kwa kuifuta: zirkoniamu ikishikwa na ligandi yenye rangi hutoa wekundu, na floraidi inapoingia huinyang'anya zirkoniamu, ligandi ikaachwa peke yake na wekundu ukafifia. Kadiri floraidi ilivyo nyingi, ndivyo wekundu unavyopungua. Mtu anayesoma jibu hapo anasoma ligandi mbili zinazogombea metali moja.

Mwezi Septemba mwaka 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi, kaskazini mwa Turkana, kuna hifadhi kubwa ya maji. Nchi ilishangilia. Visima vya majaribio vilivyofuata vikatoa maji ya chumvi yasiyonyweka bila kusafishwa. Picha za setilaiti ziliweza kuonyesha kwamba maji yapo. Hazikuweza kusema yameyeyusha nini. Hilo husemwa na mtu aliyeketi na sampuli, bureti na ligandi, na kaunti ya Turkana inahitaji watu wengi wa namna hiyo waliokulia hapohapo, wanaojua kwa nini damu ya mzee imegeuka buluu na wasioishia kuandika kwamba imegeuka.

Hatari nazo zisifichwe. Mrututu ni sumu. Kati ya mifugo yote, kondoo ndiye asiyevumilia shaba, na samaki hufa kwa kiasi kidogo mno. Mabaki ya maabara ya Katilu yakimwagwa mferejini, yanaelekea shambani na kwenye birika la kunyweshea mifugo. Mabaki ya mrututu na ya amonia yakusanywe ndani ya ndoo ya plastiki, yatiwe tindikali kidogo, yatumbukizwe misumari. Shaba itajipaka kwenye chuma na maji yatapoteza buluu yake baada ya siku kadhaa. Mabaki yenye EDTA yawekwe ndoo yake, kwa kuwa EDTA inaishika shaba kwa nguvu na haifai ichanganywe na mengine wala kumwagwa popote. Mwanafunzi akiuliza kwa nini ndoo zimetengwa, amekwisha kuanza kufikiri juu ya ligandi.

Watahiniwa wa mwisho wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa mtaala wa zamani, wataufanya mwaka 2027, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtihani wa vitendo wa kemia tuliouzoea ulikuwa na sehemu mbili zisizosemezana: huku unapima ujazo kwa bureti na kukokotoa, kule unatazama rangi na kuandika. Kampaundi changamano ndizo mahali pa kuziunganisha, rangi na ujazo ndani ya mrija mmoja, na mtaala unaodai kuthamini umahiri hauna udhuru wa kuziacha zikiwa zimetengana. Gharama si kikwazo. Mrututu upo, aspirini ipo, sirinji zipo, jua lipo la kuzidi. EDTA ndiyo ya kuagiza, na gramu mia moja zinatosha majaribio zaidi ya hamsini ya mirija kumi na moja.

Mwalimu wa kemia wa Katilu, Lodwar na Kakuma, muhula ujao ukitoa chupa ya mrututu kabatini, usiitie amonia kwanza. Itie EDTA, kwa sirinji, mirija kumi na moja, na usiwaambie wanafunzi jibu. Waache wautafute mrija wenye buluu kali kuliko yote, wasome ni mililita ngapi za huku na ngapi za kule, kisha wao ndio wakuambie.